Deni la Randa

Machi 3, Jumanne

Naandika hapa kwa sababu nikiyasema kwa mdomo nitagombana na mtu, na nyumba hii bado ina wageni.

Baba tulimzika Jumatano iliyopita. Kabla watu hawajatawanyika, mdogo wangu, ambaye tangu utotoni tunamwita Bwana Mipango, alipanda kwenye ngazi ya mlango akatangaza: "Mwenye deni na marehemu aje kwetu tumalizane." Sijui nani alimtuma. Mwenye deni! Anaweza kuwa anayedai, anaweza kuwa anayedaiwa, na kila mtu akachagua maana inayomfaa. Wanaodai walianza kubisha hodi kesho yake. Wanaodaiwa wote walishikwa na uziwi siku hiyohiyo.

Leo wamekuja muuza vitambaa, muuza gundi, na mama mmoja ambaye hatudai kitu ila alitaka kujua kama tunauza kabati.

Mimi ni karani wa stoo hospitalini. Kazi yangu ni kujua kilichoingia na kilichotoka. Baba alikuwa fundi wa kuvisha makochi, na hesabu zake zote alizitunza kichwani, kichwa ambacho tumekizika. Aliniita Mkaguzi. Alizoea kusema hata nikilia nitahesabu machozi. Bado sijalia. Sina nafasi.

Jambo moja tu aliniachia. Alikuwa wodini, sauti imeshakwisha, akanishika kidole. "Mkaguzi, usisahau deni la Randa." Nikasema sitasahau. Nilidhani tutapata muda wa kuulizana ni kiasi gani.

Mzee Randa ni seremala wa mtaa wa nyuma. Yeye huunda fremu za makochi, Baba huzivisha. Jina lake halisi silijui na sidhani kama kuna anayelijua.

Machi 5, Alhamisi

Nimekwenda kwenye chama cha kuweka na kukopa ambako Baba alichukua mkopo. Dirisha la pili kuna dada mwenye sauti tamu na majibu machungu.

"Mwanachama anatakiwa aje mwenyewe."

"Amefariki, dada."

"Oh, pole sana. Basi aandike barua ya kukuruhusu."

Nilimtazama. Naye akanitazama. Nadhani sote wawili tulisikia alichokisema, lakini yeye ndiye aliyekuwa upande wa ndani wa kioo, kwa hiyo mimi ndiye niliyeondoka. Nimerudi mchana na kila karatasi yenye muhuri niliyonayo, ndipo nikaambiwa. Baba alipoanza kuugua aliacha kupeleka marejesho, na bima ya mkopo nayo ikakatika. Malimbikizo ni laki sita. Asiyerejesha miezi mitatu mfululizo anaingia kwenye orodha ya wadaiwa sugu, na orodha inasomwa kwa sauti kwenye mkutano mkuu, Mei 30.

"Hata marehemu?"

"Kompyuta haijui marehemu, dada yangu."

Nilimweleza Mama nikidhani atauliza habari za mkopo, riba, cherehani mbili za karakana. Hakuuliza lolote kati ya hayo. Yeye pia ni mwanachama pale na hajawahi kukosa mkutano.

"Majina yanaposomwa watu hucheka," alisema. "Hata mimi nimewahi kucheka. Jina la baba yako lisisomwe pale, mwanangu. Mengine yote nitayavumilia."

Basi. Laki sita kabla ya Mei 30. Nimeandika, nimepigia mstari.

Machi 8, Jumapili

Mvua ya kwanza. Karakana inavuja sehemu mbili.

Machi 9, Jumatatu

Sehemu nne.

Machi 11, Jumatano

Simu ya Baba bado iko hewani na bado inaita. Wateja hawajui, au wanajua lakini wanataka makochi yao. Nimeamua kupokea. Tatizo ni kwamba Baba hakuhifadhi majina ya watu, alihifadhi maoni yake. Kuna "Sponji Bei Mbaya". Kuna "Mama Kesho". Kuna "Usipokee", ambaye amepiga mara kadhaa tangu asubuhi. Mimi nipo kama "Mkaguzi". Bwana Mipango yupo kama "Anataka Hela", na nimecheka peke yangu jikoni mpaka Mama akaja kuangalia nina nini.

Halafu nikakuta "Deni Langu". Nikapiga. Akapokea Mzee Randa.

Nikakata haraka. Ushahidi nilikuwa nao mkononi. Baba kasema kwa mdomo, na simu inasema vilevile: deni langu. Lake yeye Baba. Mali yake iliyoko kwa mtu.

"Usipokee" nilimpokea jioni. Ni mama mwenye sofa nyekundu, ya watu watatu. Alilipa nusu mwaka jana. Baba aliivua, akaiacha mifupa mitupu, akaugua. Mama huyo hakunipa hata pole. Aliuliza tu: "Kwa hiyo nani anaivisha?"

Machi 14, Jumamosi

Leo nimezunguka kudai. Nimejifunza neno moja, nalo ni "tulimalizana".

Mwenye hoteli, viti kumi na viwili vya kulia: "Aah, mimi na mzee tulimalizana." Lini? "Zamani." Kinyozi, kiti kimoja cha kuzunguka: "Tulimalizana, dada, Mungu ni shahidi." Mungu sikuweza kumwita. Mwenye gari la abiria, viti vyote vya nyuma: aliweka mkono kifuani, akafumba macho, akasema, "Mzee wetu yule! Tulimalizana kiume." Sijui kumalizana kiume ni kufanyaje, lakini naona hakuhusishi pesa.

Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo wanavyosema. Hapa matanga ni yetu na walipaji ni sisi. Nimerudi na viatu vimejaa tope na elfu saba za kinyozi, ambaye dhamiri ilimsumbua nikiwa nimeshafika kona, akanikimbilia.

Machi 19, Alhamisi

Bwana Mipango ana mpango. Tuuze cherehani zote mbili, tulipe chama, kitakachobaki anunue pikipiki.

"Halafu makochi ya watu tuyavishe kwa meno?"

"Dada, wewe kila kitu unakataa."

"Leta kitu cha kukubali."

Akaondoka kwa hasira. Sahani yake nimeiosha mimi.

Machi 28, Jumamosi

Nimekwenda kwa Mzee Randa. Nilichelewa makusudi, nikitaka kuona kama atakuja mwenyewe na aibu zake. Hakuja.

Karakana yake ni paa tu na kuta mbili. Alikuwa anapiga randa ubao mrefu, na alipoona ni mimi alisimama, akapangusa kiti kwa kanga kuukuu ya kazi, akaniambia nikae. Nikasema nitasimama. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

"Mzee wangu, shikamoo. Nimekuja kwa sababu ya deni."

"Marahaba. Deni gani?"

"Baba alisema kabla hajafa. Alisema nisisahau deni lako."

Alishika ncha ya ubao kana kwamba ungeanguka.

"Alisema hivyo? Deni la Randa?"

"Ndivyo alivyosema."

"Hakusema ni kiasi gani?"

"Wewe ndiye unayejua, mzee wangu."

Nilisema hivyo kwa sauti ninayoitumia kazini dawa zikipungua. Akaenda nyuma ya mbao akarudi na bahasha. Akanipa elfu arobaini. "Kwa sasa shika hii. Nyingine tutaona." Hakubisha hata kidogo, na hilo ndilo lililonithibitishia. Mtu asiye na deni hubisha.

Mama sikumwambia zimetoka wapi. Angesema si vizuri kudai watu na udongo wa kaburi bado mbichi. Nimeandika "makusanyo".

Aprili 2, Alhamisi

Mvua. Kazini wamenikata mshahara wa siku nilizokosa.

Aprili 6, Jumatatu

Mvua. Sponji mbili za mteja zimelowa, zina uzito wa mtoto wa shule.

Aprili 7, Jumanne

Mvua.

Aprili 11, Jumamosi

Usipokee amekuja mwenyewe, na mwavuli wake, mpaka ndani ya karakana. Alikuta sofa yake imesimama mifupa mitupu katikati ya ndoo tatu za matone.

"Hii ndiyo sofa yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Nirudishieni pesa yangu au nirudishieni kochi. Leo."

Nilifungua kinywa kumwambia yaliyokuwa moyoni, na namshukuru Mungu hayakutoka, kwa sababu hayakuwa ya kusemwa kwa mtu mzima. Kabla sijaanza, nikasikia nyuma yangu: "Wiki mbili." Alikuwa Mama. Sijui amefika saa ngapi. Alikuwa amejitanda kanga kichwani, na kwenye kidole cha kati amevaa tondoo, kile kikofia cha chuma cha kushonea.

"Wiki mbili, mwenzangu. Vifungo vile vile ulivyochagua."

Usipokee akamtazama, akanywea, akaaga.

"Mama, nani ataivisha?"

"Mimi. Unadhani mito ya baba yako alikuwa anashona nani? Yeye mshono wake ulikuwa unakwenda kama ng'ombe mlevi."

Umri wangu wote nimeishi nyumba moja na hawa watu. Nilidhani Mama alikuwa anampelekea chakula cha mchana tu, kumbe alikuwa anakwenda kazini.

Aprili 15, Jumatano

Mama anashona, mimi napiga pini na kukaza mikanda. Bwana Mipango amepanda juu ya paa bila kuombwa, akaziba matundu mawili. La tatu amelitoboa yeye. Nimemshukuru kwa yale mawili.

Mama haongei akishona. Leo alisema kitu kimoja tu: "Alikuwa akipiga mluzi." Nikasubiri aendelee. Hakuendelea, na cherehani ikaendelea.

Aprili 18, Jumamosi

Nimefanya jambo ambalo wakati nalifanya lilionekana haki.

Asubuhi nilipigiwa na dada wa dirishani kunikumbusha. Tuna laki mbili na nusu. Mwenye hoteli amezima simu. Mwenye gari amenitumia ujumbe wa picha ya mshumaa. Nikaona sasa maji yamefika shingoni, nikakumbuka Mzee Randa na "nyingine tutaona" yake, nikaondoka na mvua yote.

Nilimkuta na wateja, mume na mke, wanachagua kitanda. Nikasalimia. Nikasema nimefuata ile nyingine.

"Binti yangu, njoo mwisho wa mwezi," alisema kwa upole.

"Mwisho wa mwezi wa mwaka gani?"

"Njoo tu mwisho wa mwezi."

Nikapandisha sauti. Nilisema nimechoka kupigwa danadana na watu waliokuwa wanakula na Baba na kucheka na Baba. Nilisema mtu anayengoja rafiki yake afe ili asilipe ni mdaiwa sugu. Nilimwita hivyo mbele ya wateja. Yule mke alikiachia kitanda na kuutazama mlango, ingawa pale hakuna mlango.

Mzee Randa alisema, "Sawa, binti yangu."

Nimerudi nimelowa, na hesabu za leo sijaziandika.

Aprili 25, Jumamosi

Sofa nyekundu imekwisha. Ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Usipokee alikuja na gari, akaikagua kwa vidole, akapata kifungo kimoja kilichokaa upande. Mama akakishona upya hapo hapo. Usipokee akalipa nusu iliyobaki. Halafu, wakati Bwana Mipango ameibeba upande mmoja na dereva upande mwingine, yule mama akasema bila kunitazama: "Niliumia nilipoambiwa. Sikujua la kusema, nikasema habari za kochi." Akapanda gari.

Huyu mtu nimemtukana moyoni mwezi na nusu.

Jioni Mzee Randa akanitumia elfu arobaini kwa simu. Hakupiga.

Mei 1, Ijumaa

Sikukuu. Nimelala.

Mei 6, Jumatano

Sofa nyekundu imeleta wateja wawili. Mama ana rangi usoni. Bwana Mipango ana mpango mwingine, kibao kipya cha karakana, na huu si mbaya. Sijamwambia kwamba si mbaya.

Mei 13, Jumatano

Mvua sasa zinakuja usiku tu. Laki nne na nusu.

Mei 17, Jumapili

Muuza gundi amekuja kudai mara ya pili deni tulilomlipa Machi. Nilimwonyesha risiti yake, mwandiko wake. "Oh," alisema, "kumbe tulimalizana."

Mei 23, Jumamosi

Elfu arobaini nyingine kutoka kwa Mzee Randa, kwa simu. Tumefika laki sita kamili, na juu yake elfu nne! Nimehesabu mara tatu. Nilimwita Mama na Bwana Mipango, tukakaa kwenye makochi ya watu, nikawasomea moja moja kama mwalimu anayesoma matokeo. Nilikuwa na furaha, na furaha hunifanya nizungumze mno.

"Na laki moja na ishirini za Mzee Randa," nilisema.

Mama alikuwa anakata uzi kwa meno. Akaacha.

"Za Randa za nini?"

"Deni lake. Baba aliniambia wodini, nisisahau deni la Randa."

"Ukaenda kumdai Randa?"

"Mama, alisema mwenyewe, deni la—"

"Deni la Randa ni tunalodaiwa na Randa!" Sijamsikia Mama akipaza sauti hivyo hata siku ya msiba. "Fremu za mwaka juzi zote baba yako alichukua bure. Mbao za paa hili alitoa nani? Kitanda unacholalia? Wewe umekwenda shule, umekwenda chuo, umeshindwa kuuliza 'la' hiyo ni la nani?"

Bwana Mipango alikuwa anatazama viatu vyake. Namshukuru kwamba hakucheka. Siku ya mazishi yeye alisema "mwenye deni" na mimi nikamkasirikia wiki nzima, na siku hizohizo "la" ilikuwa imeniangusha mimi.

Mama alirudi kwenye cherehani lakini hakushona. "Umemdai kwa ustaarabu?" aliuliza.

Nikaanza kutenga pesa za Mzee Randa, na alijua.

Mei 24, Jumapili

Nimekwenda na pesa zake zote kwenye bahasha. Karakana ilikuwa kimya, siku ya mapumziko, yeye amekaa kwenye kile kiti alichonipangusia mara ya kwanza. Safari hii nilikaa chini, juu ya ubao.

"Mzee wangu, nimekukosea. Ni wewe uliyekuwa unatudai."

"Nani kasema?"

"Mama."

"Mama yako anakumbuka fremu tu." Akaanza kuhesabu kwa vidole vyake, na kimoja hakina ncha. Fremu, ndiyo. Lakini mwaka alioumia kidole, Baba ndiye aliyelipa hospitali na kumlishia watoto. Naye akarudisha kwa mbao. Mbao zilizidi, Baba akamvishia makochi ya binti yake alipoolewa. Makochi yalizidi, yeye akampa Baba kitanda. "Kuna miaka mimi namdai, kuna miaka ananidai. Kila Jumamosi tulikuwa tunabishana hapa. Yeye anasema, 'Randa, nina deni lako.' Mimi nasema, 'Hapana, mimi ndiye.' Tunagombana mpaka giza linaingia."

"Sasa jumla ni ngapi? Nani anamdai nani?"

"Sijui."

"Mzee wangu, lazima kuna jumla!"

"Binti yangu, mimi ningejua ningekwambia. Ulipokuja ukasema kataja deni langu, nikajua labda kakumbuka kitu nilichokisahau. Yeye ndiye alikuwa na kichwa."

Nilikaribia kulia kwa hasira. Mtu hawezi kuishi hivi. Nikatoa simu ya Baba nimwonyeshe, kwamba sikubuni, kwamba imeandikwa. Nikabonyeza "Deni Langu". Simu yake ikaita juu ya meza, katikati ya vumbi la mbao, na kwenye kioo chake yakatokea maneno hayohayo: Deni Langu.

Tuliitazama mpaka ikanyamaza.

"Siku moja nilimwambia tukae, tupige hesabu, tumalizane," alisema. "Alinikasirikia. Akasema, 'Tukimalizana, Jumamosi utakuja hapa kufanya nini?'"

Niliweka bahasha kwenye meza. Akairudisha mapajani mwangu.

"Mkutano wa chama lini?"

"Jumamosi."

"Peleka kule. Mama yako anaogopa siku ile, baba yako aliniambia."

"Na yale maneno niliyokuita mbele ya watu?"

"Kitanda walinunua," alisema. "Hata hawakuomba nipunguze bei, nadhani walinionea huruma."

Nilicheka, na nikachukia kwamba nimecheka.

Mei 25, Jumatatu

Nimelipa. Dada wa dirishani amegonga muhuri, akasema, "Mzee atafurahi." Nimemwacha.

Mei 30, Jumamosi

Ukumbi ulijaa. Jua limewaka tangu asubuhi, la kwanza la maana tangu Machi, na watu walikuja na nguo zinazonuka unyevu wa kabatini. Mama alivaa vizuri. Nilikaa kulia kwake, Bwana Mipango kushoto. Alipoanza kusoma orodha, mwenyekiti aliomba utulivu kama kawaida, na kama kawaida vicheko vikaanza.

Mama alinishika mkono. Herufi ya jina la Baba ilifika, ikapita. Nikausikia mkono wake unalegea. Alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu tulipomzika. Mimi nilikuwa tayari nawaza mchana, chakula, usingizi. Mwenyekiti aliendelea kusoma majina ya watu nisiowajua, na kila jina lilipoitwa mwenyewe alipaswa kusimama aonekane.

Likasomwa jina refu, la kizamani, ambalo sijawahi kulisikia. "Marejesho hayakuletwa miezi mitatu. Machi, Aprili, Mei." Sikugeuka. Nikasikia mtu nyuma anacheka, na mwingine anasema, "Hata huyu mzee?" Ndipo nikageuka.

Alikuwa amesimama Mzee Randa.

Amevaa koti. Mkono wenye kidole kifupi ameushikilia kwa mwingine, mbele, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. "Nipo," alisema. Elfu arobaini, elfu arobaini, elfu arobaini. Mwisho wa mwezi, binti yangu, njoo mwisho wa mwezi. Na Jumapili nilikuwa nazo mkononi, siku zikiwa bado zipo, na yeye alijua, akazirudisha mapajani mwangu.

Mama aliniuliza kwa macho. Nikaitika kwa kichwa. Akaachia mkono wangu, akasimama. Mama yangu, ambaye hakuitwa na mtu, alisimama pale katikati ya ukumbi, mkoba kifuani, akamtazama mwenyekiti. Nami nikasimama. Bwana Mipango, ambaye hakuwa anaelewa lolote, akasimama pia, na kwa hilo nimemsamehe pikipiki.

"Ninyi hamjaitwa," alisema mwenyekiti.

"Tunajua," alisema Mama. "Soma wengine."

Vicheko vilikoma. Mwenyekiti aliposema tukae, tulikaa wote wanne kwa pamoja. Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, mbele ya wanachama wote, na sikuhesabu kitu.

Juni 1, Jumatatu

Nimelipa marejesho yake matatu, kwa mshahara wangu. Dada wa dirishani aliuliza uhusiano wangu na mwanachama. Palikuwa na nafasi ya kujaza. Nimefikiri hadi watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Nikaandika: "Deni."

Alisoma, akanitazama, akagonga muhuri.

Juni 6, Jumamosi

Sponji zote ziko nje juani. Mama anashona mito ya mteja mpya na kumkemea Bwana Mipango, ambaye amekipaka kibao rangi huku kimegeuzwa juu chini.

Mchana simu ya Baba ikaita. Deni Langu.

"Umelipa kule bila kuniuliza," alisema Mzee Randa. Hakusalimia. Alikuwa amekasirika kweli. "Sasa nakudai nini mimi? Unanidai wewe!"

"Hapana, mzee wangu. Bado kuna fremu za mwaka juzi."

"Fremu hizo tulishazihesabu kwenye kitanda!"

"Kitanda kilikuwa cha makochi ya harusi. Ulisema mwenyewe."

Nikasikia randa ikiwekwa juu ya meza.

"Njoo hapa," alisema, "tugombane vizuri."

Nimeifunga stoo ya uzi ya karakana. Nakwenda.